Lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani: dari mita 3, jamvi sm 10. Nguzo mbili, nguzo nne, mkasi au shimo?

#1 Mbezi_Spana

Wakuu, habari za jioni.

Vipimo vya gereji ni hivi. Ndani upana m 3.9, urefu m 6.2, dari ya jipsamu m 3.0. Chini kuna jamvi (zege la sakafu) linalosemekana ni sm 10, juu yake simenti na vigae. Umeme ni fezi moja, kutoka kwenye mita hadi gereji ni m 30 na waya uliopo ni wa mm² 2.5. Magari ni mawili, Toyota IST na Prado J120 ya dizeli. Kazi ni oili, breki, shokapu, bushi, na mara chache kushusha giaboksi.

Msimamo wangu: lifti ya nguzo mbili ya tani 4 inamaliza kila kitu, na shimo limepitwa na wakati. Anayepinga apinge kwa vipimo.

#2 MzeeChesi

Tuanze na dari. Lifti ya nguzo mbili yenye boriti juu, ile ambayo sakafu inabaki wazi, inataka m 3.6 hadi 3.8. Kwako haiingii. Inayoingia ni ile yenye bamba sakafuni, ambayo waya na mpira wa haidroliki vinapita chini. Nguzo zake nyingi zina m 2.8 hadi 2.9.

Halafu piga hesabu ya gari lenyewe. IST ina kimo cha karibu m 1.53. Toa kwenye 3.0, acha sm 10 za usalama, matairi yatapanda m 1.37. Hapo unafanya kazi umesimama ukiwa umeinama kidogo. Prado ina karibu m 1.9, kwa hiyo utapata m 1.0 tu, na kama ina keria juu, punguza tena. Chini ya Prado utafanya kazi umekaa kwenye kigoda cha magurudumu. Inafanyika, lakini ujue kabla ya kulipa.

Na mlango wa nyuma wa IST unafunguka kwenda juu. Ukiusahau wazi wakati gari linapanda, unapasua jipsamu na kioo kwa pamoja.

#3 Nondo12

Mzee kamaliza juu, mimi naenda chini, maana huko ndiko watu wanakoumia.

"Inasemekana sm 10" si kipimo. Chukua drili ya nyundo na biti ya mm 12, toboa matundu matatu mahali nguzo zitakaposimama, usitoboe katikati ya chumba. Kunja ncha ya waya mwembamba kama ndoano, uingize mpaka ushike ukingo wa chini wa zege, weka alama, pima. Kigae na simenti ya juu havihesabiwi. Bolti inashika zege peke yake.

Kwa nini unene wa zege ni muhimu hivyo? Chukua gari la tani 2. Kila nguzo inabeba tani 1, lakini mzigo hauko juu ya nguzo, uko kwenye ncha ya mkono, kama sm 70 kuelekea ndani. Huo ni mkunjo wa kilo 700 kwa mita. Kitako cha nguzo kina kina cha kama sm 35 kati ya ukingo unaokandamiza na bolti zinazovutwa. Gawanya: bolti za upande wa nje zinavutwa kwenda juu kwa kilo 2,000. Zikiwa mbili, kila moja tani nzima, na hapo gari limetulia, hakuna anayevuta boljointi kwa bomba.

#4 Kilimani_Jeki

Salamu kutoka Nairobi. Nondo12, nakubaliana na hesabu, ila vitabu vingi vya lifti za Marekani vinaruhusu inchi 4 za zege lenye nguvu ya psi 3000. Inchi 4 ni sm 10 na kidogo, na psi 3000 ni kama N/mm² 30. Jamvi lake si linafika?

#5 Nondo12

@Kilimani_Jeki hapo kwenye kugeuza vipimo umeteleza. psi 3000 ni N/mm² 20.7. Lakini hata hiyo 20.7 jamvi la nyumba haliifikii mara nyingi. Mchanganyiko wa 1:3:6 (simenti, mchanga, kokoto) ambao mafundi wengi humwaga sakafuni unatoa kama 10. Wa 1:2:4 ukisimamiwa vizuri unatoa 15 na zaidi. Kwa lifti anza na 1:1.5:3, kokoto za mm 20, maji kidogo, zege lishindiliwe kwa mashine ya kutikisa.

Na hao wa inchi 4 wanaandika pia: bila ufa, na bolti isiwe karibu na ukingo au kiungo cha zege chini ya mm 150. Watengenezaji wengi wa Ulaya ndio kabisa, wanataka mm 150 hadi 200.

#6 Bi_Torki

Asanteni kwa vipimo. Mbezi_Spana, umeuliza aina ya lifti kabla ya kupanga kazi. Tupange kazi kwanza.

Nguzo mbili: matairi yananing'inia, kwa hiyo breki, shokapu, bushi na eksozi zote ziko wazi, na giaboksi inashuka moja kwa moja. Udhaifu wake ni zege na usawa wa mzigo.

Nguzo nne: gari linasimama kwa matairi yake juu ya njia mbili. Nzuri sana kwa oili, eksozi, propela shafti, na kuegesha gari moja juu ya jingine. Nyingi hazihitaji bolti. Lakini ukitaka kufungua tairi lazima ununue daraja la jeki linaloteleza katikati, na hilo huuzwa peke yake. Kwa upana wa m 3.9 inaingia, ila hutapata pa kupita pembeni.

Mkasi mfupi, unaopanda kama m 1: unapenda breki, matairi na shokapu. Ukihitaji giaboksi, mkasi wenyewe umejaa pale pale unapotaka kulala.

Fremu mbili za kubebeka, kama QuickJack: zinapanda kama nusu mita, hazina bolti, unaziegemeza ukutani ukimaliza. Nusu mita inatosha kulala kwenye ubao wa magurudumu, katikati pako wazi. Kwa dari ya m 3 na jamvi ambalo halijapimwa, hili ndilo jibu la kwanza ningelipima mimi. Angalia tu uzito na urefu wa fremu: modeli inayobeba IST bila shida inaweza isitoshe Prado, na fremu isipofika kwenye sehemu za kunyanyulia za gari refu haina maana.

#7 Shimo_Bado

Wakuu, shimo halijapitwa na wakati. Upana sm 80 hadi 90, kina m 1.6, urefu m 4.5, kuta za tofali za kuchoma au zege, sakafu yake ina mteremko kwenda kwenye kijishimo cha kukusanyia maji na oili. Halihitaji dari, umeme, waya wala loki. Prado na IST zote zinapita, maana nafasi ya ndani kati ya matairi ya IST ni zaidi ya m 1.2. Oili, filta, eksozi, difu, propela, kila kitu uko nacho usoni ukiwa umesimama wima.

Na kwa magari ya CNG (gesi asilia) ambayo Dar yamejaa, shimo ni salama kuliko kunyanyua silinda hewani.

#8 MzeeChesi

@Shimo_Bado shimo lako nalipenda, lakini breki na shokapu utafungulia wapi? Gari liko sakafuni kwa matairi yake. Utarudi kwenye jeki tu.

#9 Bi_Torki

Na kuhusu gesi turekebishe, maana hili linaua. CNG ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda darini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na gesi ya kupikia ambayo baadhi ya magari hutumia ni nzito pia. Hizo mbili ndizo zinazojaa shimoni bila kuonekana. Kwenye shimo usifungue filta ya petroli wala tangi, usiwashe grainda, na taa iwe ya volti 12 au 24 iliyofungwa vizuri. Kwa CNG hatari iko juu: gereji yenye dari iliyofungwa bila tundu la hewa inakusanya gesi palipo na taa na swichi.

Kuna la uzito pia. Silinda ya chuma ya lita 60 inaweza kufika kilo 60, na imefungwa buti. Kwenye IST hiyo inahamisha kitovu cha uzito nyuma. Mikono ya lifti uliyozoea kuiweka kwa IST isiyo na silinda usiichukulie kuwa ni ile ile.

#10 Shimo_Bado

Nimeelewa dada Bi_Torki, la CNG nalifuta. La petroli nalikubali pia, feni ya kufyonza hewa kutoka chini ni lazima. Shimo lenyewe silifuti.

#11 Kinyerezi_Maji

Kabla ya kuchimba, uliza majirani kisima chao kina maji kwa kina gani. Maeneo mengi ya Dar ya bondeni, masika maji yako m 1 tu chini. Shimo la m 1.6 linakuwa tangi.

#12 Fezi_Moja

Habari. Hakuna aliyegusa umeme, na waya wa 2.5 kwa m 30 ndio utakaomkwamisha.

Mota ya lifti ya tani 4 kwa kawaida ni kW 2.2, fezi moja. Ikikimbia na mzigo inakula kama ampia 15. Inapoanza inavuta mara nne hadi tano, tuseme 70. Waya wa shaba wa 2.5 kwa m 30 kwenda na kurudi una kama omu 0.44. Ikikimbia unapoteza volti 6.7, si mbaya. Ikianza unapoteza volti 31. Jioni mtaa wote ukiwa umewasha majiko, unaanza na 210 badala ya 230, mota inapata chini ya 180. Inaunguruma, haizunguki, kapasita inakufa. Watu wanasema pampu mbovu.

Weka waya wa 6: omu 0.185, upotevu wa kuanza ni volti 13. Sakiti breka yake peke yake ya ampia 25 au 32, aina ya C au D ili isikatike mota inapoanza, na ethi halisi, fimbo iliyopimwa. Usichomeke kwenye soketi ya ukutani ya ampia 13.

#13 Msafiri_TX

Nakazia kwa wanaoagiza kutoka huku Marekani. Mota ya huku ni ya 220V kwa hezi 60. Huko ni hezi 50. Itazunguka, lakini kwa kasi ya tano kwa sita: ya mizunguko 1720 inashuka kama 1430, na kupanda kunakochukua sekunde 50 kunakuwa dakika. Baya zaidi, inapata joto kuliko ilivyoundiwa. Kupandisha mara moja moja inavumilia, kupandisha na kushusha mfululizo hapana. Bora uagize pampu ya hezi 50 tangu mwanzo. Na hakikisha lifti ina kibandiko cha ALI, taasisi ya lifti za magari ya huku, maana yake imepimwa kwa kiwango cha ANSI cha Marekani. Cha Ulaya ni EN 1493. Herufi za CE peke yake kwenye karatasi iliyochapwa zisikutoshe, omba cheti chenye namba ya modeli ile ile iliyo kwenye bamba la lifti.

#14 Mbezi_Spana

Aisee, nashukuru sana. Waya nabadilisha. Swali: oili ya haidroliki, 32 au 46? Muuzaji kasema hata ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) inafaa.

#15 Muscat_Joto

46. Namba hiyo ni mnato wa oili, yaani inavyotiririka kwa uzito, ikiwa nyuzi 40. Gereji ya huku Oman kiangazi inapita 40 bila shida, na 32 inakuwa nyepesi mno, pampu inavujisha kwa ndani, lifti inapanda polepole na sili zinatoa jasho. Dar ni joto pia, 46 ndiyo yake. Kama lita 10 hadi 12 kwa lifti ya tani 4.

#16 Kilimani_Jeki

Nairobi asubuhi za Julai nyuzi 12, na 32 ndiyo inayokwenda. 46 ikiwa baridi mota inaanza kwa tabu, hasa umeme ukiwa dhaifu kama alivyosema #12. Fuata kitabu na hali ya hewa yako.

ATF baadhi ya watengenezaji wanairuhusu, wengine hapana. Kinachokatazwa na wote ni mafuta ya breki: yanavimbisha sili. Na usichanganye. Ukibadilisha aina, mwaga yote kwanza, silinda zikiwa zimeshuka mpaka chini.

#17 Tanga_Raha

Naomba kuingilia hapo hapo kwenye haidroliki. Lifti ya nguzo mbili, tani 4, silinda mbili, ipo Tanga karibu na bahari. Ikiwa tupu pande zote mbili zinapanda sawa. Ikiwa na Noah juu, upande wa kulia unachelewa, ukifika m 1 tofauti ni sm 3, na loki (meno ya kuzuia lifti isishuke) zinalia kwa kupishana badala ya pamoja. Ni nini?

#18 MzeeChesi

Waya za kusawazisha zimelegea. Kuna waya mbili zinazovuka kutoka nguzo moja kwenda nyingine, kazi yake ni hiyo tu, kulazimisha pande zipande pamoja. Weka lifti kwenye loki ikiwa tupu, jino lile lile pande zote, halafu kaza nati ya juu ya kila waya mpaka mvutano ufanane. Ukibonyeza waya katikati kwa kidole usisogee zaidi ya kama sm 1.5.

#19 Muscat_Joto

Hewa. Ikiwa tupu hewa haibanwi, ikiwa na mzigo inabanwa, upande wenye hewa unachelewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya silinda ya kulia, pandisha kidogo kidogo mpaka itoke oili bila povu. Kisha panda na kushuka tupu mara tano mpaka juu kabisa.

#20 Nondo12

Kabla ya vyote weka pima maji kwenye nguzo ya kulia, pande mbili, kwa mbele na kwa pembeni. Nguzo ikiinama ndani kwa mm 5 kwa mita, mzigo ukija toroli la ndani, lile linalobeba mikono, linabana. Angalia pia kama bolti za nje zimejivuta, ukiona ufa mwembamba kwenye zege unaozunguka kitako, shusha gari na usipandishe jingine.

#21 Fundi_Kutu

Karibu na bahari mimi naanzia kwenye kutu. Ndani ya nguzo toroli linateleza kwa vipande vya nailoni. Chumvi ya hewa ikishakula rangi ya ndani, chuma kinakwaruza nailoni, unga mweupe unaanguka chini ya nguzo. Angalia kama upo. Safisha kwa dizeli na kitambaa, kausha, paka grisi nyepesi kwenye njia ya nailoni, usijaze. Waya nazo: pitisha kitambaa kwa urefu wote, kikinasa kwenye uzi uliokatika, waya unabadilishwa, haukazwi. Kukaza waya uliokatika nyuzi ni kuuongezea mzigo.

#22 Tanga_Raha

Nimefanya haya: bolti hazijajivuta, pima maji inaonyesha nguzo ya kulia imeinama mm 2 kwa mita. Hewa nimetoa, ilitoka na povu kiasi. Waya nimekaza nati zamu mbili. Nailoni nimesafisha. Tofauti sasa ni mm 18 badala ya 30.

#23 Muscat_Joto

Povu lilitoka, ilikuwa hewa. Rudia kutoa.

#24 MzeeChesi

Ulikaza waya siku hiyo hiyo, ni waya.

#25 Fundi_Kutu

Mmefanya vitatu kwa pamoja, hakuna anayejua ni kipi. Kaka Tanga, legeza nati za waya zamu mbili urudi zilipokuwa, upandishe Noah ile ile, upime. Ikibaki 18, haikuwa waya. Ikirudi 30, ilikuwa waya. Na pima kwa tepu kutoka sakafuni hadi chini ya toroli, usipime kutoka kwenye gari, gari linajikunja.

#26 Bi_Torki

Wakati Tanga anapima, niseme la kunyanyulia, maana lifti nzuri juu ya zege zuri bado inaangusha gari lililowekwa vibaya.

IST haina chesi. Inanyanyuliwa kwenye ukingo wa chini wa bodi, pale penye mikato miwili nyuma ya tairi la mbele na mbele ya tairi la nyuma. Tumia pedi ya mpira yenye mfereji ili ukingo ukae ndani ya mfereji usipindwe. Prado ina chesi: pedi zinakaa chini ya chesi yenyewe, pamoja na viongezeo vya urefu ili mkono usiguse ubao wa kukanyagia. Hakikisha hujabana bomba la breki wala la mafuta linalopita pembeni ya chesi. Kama Prado yako ni ile ya mito ya hewa nyuma, zima swichi ya kimo kabla ya kunyanyua.

Unyanyuaji: matairi yaache sakafu kwa sm 10, simama. Sukuma bampa ya mbele, kisha ya nyuma, kwa nguvu. Chungulia pedi zote nne. Kama kuna iliyohama hata sm 2, shusha uanze upya. Ukishafika kimo, shusha mpaka uzito ukae kwenye loki pande zote mbili. Usifanye kazi gari likiwa linashikiliwa na oili. Kushuka: pandisha sm 3 kwanza ili loki ziachie, vuta loki zote mbili, ndipo ushushe.

Na kushusha giaboksi au injini: uzito wa mbele ukitoka, nyuma inakuwa nzito na gari linainua pua. Weka stendi ndefu chini ya nyuma kabla ya kufungua bolti ya kwanza, usingoje mpaka uone dalili.

#27 Kilimani_Jeki

Nakazia juu ya tani 4. Maana yake ni tani 1 kwa kila mkono, si tani 4 popote. Gari la tani 2.7 lenye asilimia 60 mbele linaweka kilo 810 kwa kila mkono wa mbele. Bado umo ndani, lakini ukiliweka mbele mno unavuka.

#28 Shokapu_Mpya

Bi_Torki, swali la bushi za mkono wa chini wa gari (lower arm, si mkono wa lifti). Kwenye lifti matairi yananing'inia, unakaza bolti vizuri, miezi mitatu bushi imechanika. Wengi wanalaumu bushi feki.

#29 Bi_Torki

Feki zipo, lakini mara nyingi sababu ni ukazaji. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba lake la ndani, hauzunguki, unajikunja tu. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, gari likishuka mpira unakaa umejikunja muda wote, na kila shimo barabarani linaukunja zaidi. Ingiza bolti, zibane kwa mkono tu, kisha weka stendi ndefu ya giaboksi chini ya mkono na uinue mpaka gari lianze kunyanyuka kidogo kutoka kwenye pedi. Hapo ndipo ukaze kwa spana ya torki. Kwenye Prado, mkono wa chini wa mbele una bolti za kamu za kurekebishia uelekeo wa tairi: piga alama ya rangi kabla ya kulegeza, na ukimaliza nenda kwenye mashine ya uelekeo hata kama alama zimerudi sawa.

#30 MzeeChesi

Dada, hapo kwenye kuinua kwa stendi nina wasiwasi. Ukiinua mkono mpaka gari linyanyuke kwenye pedi, pedi inaweza kuhama. Mimi nasema zibane kwa mkono, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mara mbili, ukaze likiwa chini.

#31 Bi_Torki

Kwa Prado inawezekana, chini pana nafasi. Kwa IST huwezi kuingiza mkono wenye spana likiwa chini. Ndiyo maana nikasema "lianze", usilinyanyue. Ukiona pedi inaachia, umepita.

#32 Shimo_Bado

Kwa maana hiyo, kukaza bushi gari likiwa limesimama kwa matairi yake na fundi yuko chini amesimama wima, ni wapi? Shimoni.

#33 MzeeChesi

Hilo nakupa, @Shimo_Bado. Na oili ya giaboksi zisizo na dipstiki pia: gari liwe limelala sawa, injini inawaka, oili nyuzi 40 hadi 45, unafungua plagi ya kupimia mpaka itiririke nyembamba. Nguzo nne na shimo vinafanya hivyo vizuri. Nguzo mbili nayo inafanya, kama pande zimelingana, si kama ile ya Tanga.

#34 Tanga_Raha

Nimelegeza nati kama alivyosema Fundi_Kutu. Imekuwa mm 22. Si 18, si 30.

#35 Fundi_Kutu

Basi waya ina mm 4, nyingine ni hewa au nailoni. Acha grisi ifanye kazi wiki moja, kisha toa hewa tena, pima.

#36 Muscat_Joto

Au sili ya silinda ya kulia inapitisha. Liache Noah juu ya oili, si juu ya loki, dakika 30, mtu yeyote asiwe chini, tepu ikisoma pande zote. Ukishuka upande mmoja tu, jibu umepata.

#37 Nondo12

Na hiyo mm 2 kwa mita msiisahau.

#38 Mbezi_Spana

Wakuu, nimetoboa. Matundu matatu: zege mm 85, 80, na 90. Juu yake simenti mm 45 na kigae. Chini ya tundu la pili drili ilizama, kifusi kimeshuka. Nataka kukata vigae na kumwaga vitako viwili vya m 1.2 kwa 1.2, kina sm 30. Sawa?

#39 Nondo12

Mm 80 na pengo chini yake, hapo hupigi bolti.

Vitako viwili vya kipimo hicho ni m³ 0.86, kama mifuko 7 ya simenti ya daraja la 42.5. Lakini tazama upana wako. Lifti kwa nje ina karibu m 3.4, chumba ni m 3.9. Kila nguzo iko sm 25 tu kutoka ukutani, kwa hiyo kitako hakitakuwa na nguzo katikati, na ukichimba sm 30 pembeni mwa ukuta unaufukua msingi.

Badala yake kata ukanda mmoja unaovuka chumba: m 3.9 kwa m 1.2, kina sm 20. Ni m³ 0.94, mifuko 7 na nusu, karibu gharama ile ile, na nguzo zote mbili zinashika zege moja. Ondoa kifusi kilicholegea, shindilia kwa tabaka, nailoni nene chini, nondo za mm 12 kila sm 20 pande zote mbili za wavu, tabaka mbili, zikae sm 4 kutoka chini na juu. Mwagilia siku 7, usipige bolti kabla ya siku 28. Weka alama ya nondo zilipopita ukutani kabla ya kumwaga, la sivyo drili itakutana nazo. Tundu la bolti lipulizwe vumbi lote, bolti igongwe kwa nyundo, ikazwe kwa spana ya torki kwa namba ya kitabu chako. Nyingi ziko kati ya Nm 115 na 200. Kaza tena baada ya wiki.

#40 Bi_Torki

Na wakati unasubiri hizo siku 28, pima umbali kati ya mikato ya bodi ya IST na kati ya pointi za chesi ya Prado. Kama kuna fremu za kubebeka zinazofika zote mbili na kubeba tani 2 na ushee za Prado, huhitaji kukata kigae hata kimoja.

#41 Mbezi_Spana

IST nimepima sasa hivi, m 1.4 na kidogo. Prado iko safarini, inarudi Jumamosi.